Namna ya Kuusikia Muziki wa Ufilipino kwa Miguu

Kabla ya yote, ondoa kiti. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuujua muziki wa Ufilipino wa siku hizi, misingi ya filamu na mazoezi ya viungo kwa mkupuo mmoja, na kiti ni adui wa masomo yote matatu. Ukishakitoa, sogeza na meza ukutani, kunja zulia, kisha watangazie watu wa nyumbani kwamba leo sebule imechukuliwa kwa shughuli ya kitaaluma. Watakaobisha wape kazi. Zipo za kutosha.

Wafilipino wenyewe hawatashangaa. Shuleni kwao vitu hivi vimekaa kwa miaka mingi ndani ya somo moja, MAPEH, herufi tano zinazosimamia muziki, sanaa, elimu ya viungo na afya. Mwanafunzi wa darasa la kumi, kijana wa miaka kama 15 au 16, hukutana humo na watunzi wa nchi yake wa karne ya 20 na 21, hujifunza filamu inavyotengenezwa toka skripti hadi uhariri, halafu hutoka uwanjani kucheza ngoma na kujihesabia mapigo ya moyo. Wako wanaoliona ni somo la kupumzishia akili baada ya hisabati. Mimi naliona ni somo lililowaelewa Wafilipino kuliko mengine yote, kwa sababu muziki wao, tangu enzi za sinema bubu mpaka vikundi vya vijana vinavyojaza viwanja leo, haujawahi kukubali kusikilizwa na masikio peke yake. Unataka macho, unataka magoti, na zaidi ya yote unataka watu wengi walioamua wenyewe kuwa pamoja.

Mahitaji ni haya: redio au simu kadhaa, jani bichi la mti lisilo na sumu, televisheni, mianzi miwili iliyokomaa yenye urefu wa kama meta tatu, vigogo viwili vifupi vya kuilaza juu yake, na majirani wasiopungua wawili. Majirani ndio wagumu kupatikana, kwa hiyo anza kuwasalimia mapema.

Kama una dada au binamu anayefanya kazi Doha, Dubai au Maskati, umeshapata pa kuanzia. Hospitalini, hotelini na kwenye majumba ya watu huko Ghuba, watu wetu na Wafilipino hupangiwa zamu moja, na mara nyingi hulala chumba kimoja. Mwombe akuulizie nyimbo kwa mwenzake wa kitanda cha pili; orodha itakayotoka hapo ni bora kuliko yangu. Na ninyi mliokesha na tamthilia za Kifilipino kwenye televisheni za Nairobi na Dar es Salaam miaka ya 2000 msijidharau. Mnajua tayari jinsi muziki unavyonyemelea pale mama anapomtambua mwanawe aliyepotea. Hilo ni somo zima la filamu, mlilisoma mkilia.

Tuanze na redio. Mwalimu wake ni José Maceda, aliyezaliwa 1917, akasomea piano mpaka Paris, akaweza kupiga kazi kubwa za Ulaya mbele ya watu wanaozijua. Kisha akaingia vijijini na milimani kwa Wafilipino wenzake akirekodi patu za shaba, filimbi za mwanzi na nyimbo za kazi, na akaanza kujiuliza muziki ule wa Ulaya unahusiana nini na nazi na wali. Sisi wa pwani swali hilo tunalielewa bila mkalimani.

Jibu alilitoa hewani. Tarehe 1 Januari 1974, stesheni 20 za redio za Manila zilirusha kwa wakati mmoja kazi yake iitwayo Ugnayan, yenye dakika 51, kila stesheni ikiwa na mkanda wake tofauti. Stesheni moja peke yake ilikupa kipande tu. Ili upate kazi nzima ilikubidi utoke na redio yako mkononi, ukutane na watu waliofungulia stesheni nyingine, halafu mchanganyike. Aliyesimama hapa alisikia muziki usiofanana na wa aliyesimama hatua kumi kule, na aliyetembea alisikia mengi kuliko wote. Mtunzi alikuwa amewafanya wakazi wa jiji kuwa wapigaji bila kumkabidhi hata mmoja wao ala.

Fanya hivi basi. Kusanya simu za nyumba nzima. Ya kwanza ipige kulintang, safu ya patu ndogo zinazopigwa Mindanao, kusini mwa nchi. Ya pili ipige gangsa, patu bapa za watu wa milima ya Cordillera, kaskazini mwa kisiwa cha Luzon. Ya tatu ipige kubing, kijimwanzi chembamba kinachotetemeshwa mdomoni. Ya nne ipige sauti za watu wakiimba, wowote. Moja iweke dirishani, moja jikoni, moja juu ya kabati, na ya mwisho mpe mtoto asiyetulia umwambie akimbie atakavyo. Sasa wewe tembea, polepole, mlango hadi mlango. Ukifika mahali ambapo kubing inashindana na kelele za sufuria, simama. Ukitaka kujua mtu anatungaje muziki kwa kutumia nafasi badala ya noti, ni hapo. Na utakuwa umeshatembea robo saa bila kuliita zoezi.

Usifunge somo hili kabla ya kulisema jambo la pili. Stesheni zile 20 zilifunguliwa mlango kwa sababu Imelda Marcos, mke wa rais wa wakati huo, aliitaka shughuli hiyo ifanyike. Nchi ilikuwa chini ya utawala wa kijeshi tangu Septemba 1972, magazeti na redio zikiwa zimefungwa au kutiwa mikononi mwa serikali. Ndoto ya mtunzi ilikuwa watu kukutana, na iliruka hewani kwa nguvu za watu waliokuwa wanaogopa watu wakikutana. Naipenda Ugnayan kwa moyo wote, na naona haki kuipenda pamoja na habari hiyo.

Kutoka hapo rudi nyuma kidogo, kwenye kundiman, wimbo wa mapenzi wa Kitagalog ambao Nicanor Abelardo aliupandisha kutoka barazani hadi ukumbi wa tamasha kabla ya kufa mwaka 1934 akiwa na umri wa miaka 41. Kundiman huenda kwa mapigo matatu, na kwa kawaida huanza katika maina, ile sauti ya huzuni ambayo walimu wa kwaya wanaijua, kisha katikati hugeuka kuwa meja. Mwimbaji analalamika, analalamika, halafu ghafla anga linafunguka ingawa mpenzi bado hajarudi. Tafuta wimbo wa Abelardo uitwao Nasaan Ka, Irog. Simama wima, miguu sambamba na mabega, na uhamishe uzito wa mwili kwa hesabu ya tatu: kushoto, kulia, kushoto, kulia, kushoto, kulia. Usiambiwe na mtu meja inaingia wapi. Kifua kitajinyanyua chenyewe. Kisiponyanyuka rudia toka mwanzo, na safari hii nyoosha mgongo, maana mara nyingi shida huwa ni mgongo.

Lile jani ni kwa ajili ya Levi Celerio. Mzee huyu, aliyezaliwa 1910 na kutunukiwa heshima ya Msanii wa Taifa mwaka 1997, ndiye aliyeandika maneno ya nyimbo ambazo karibu kila Mfilipino ameimbiwa au amemwimbia mtoto, ikiwemo bembelezi ya Sa Ugoy ng Duyan ambayo muziki wake ni wa Lucio San Pedro. Na alikuwa akipiga jani. Analichuma, analikunja, analibana midomoni, na linatoa wimbo kamili wenye pumzi na mtetemo, mpaka televisheni za nje zikamwita awaonyeshe. Jaribu. Jani liwe laini lakini lisiwe legelege, ukingo wake uguse mdomo wa chini, pumzi iwe nyembamba. Dakika kumi za mwanzo utatoa mate matupu, ila misuli ya tumbo itakuwa imefanya kazi ya haki, na kesho yake utaisikia. Hakuna ala nafuu zaidi ya hii duniani, na nawasihi walimu wa muziki wa kwetu wanaolalamika kwamba shule haina vyombo watazame uani.

Mambo ya katikati nayapita mbio. Miaka ya 1970 kundi la Hotdog na wenzake walichanganya Kitagalog na Kiingereza juu ya midundo ya disko na mapenzi, wakaitwa sauti ya Manila. Mwaka 1978 wimbo wa Ryan Cayabyab ndio ulioshinda tamasha la kwanza la muziki wa kupendwa la Manila, lakini uliovuka bahari ni Anak wa Freddie Aguilar, ambao haukushinda siku ile. Mwaka 1987 Rais Corazon Aquino alitia saini amri namba 255 iliyotaka kila stesheni ya redio inayopiga muziki ipige angalau nyimbo nne za Kifilipino kila saa. Nyimbo nne kwa saa! Waulizeni wanamuziki wa nchi yoyote wangetoa nini wapate amri hiyo, na iwe inafuatwa. Mwaka 1993 vijana wanne wa Chuo Kikuu cha Ufilipino, Eraserheads, walitoa albamu yao ya kwanza, na tangu hapo bendi ya wanafunzi ikawa kitu ambacho mzazi wa Manila hawezi kukizuia kwa fimbo.

Sasa washa televisheni, lakini zima sauti. Filamu ndefu ya kwanza iliyotengenezwa na Mfilipino, Dalagang Bukid ya José Nepomuceno, ilionyeshwa Septemba 1919, na ilikuwa bubu. Ilitokana na mchezo wa kuigiza wenye nyimbo uliokuwa ukipendwa sana, na nyota wake alikuwa mwimbaji wa mchezo huohuo, Atang de la Rama, msichana aliyekuwa bado kwenye miaka yake ya kumi na kitu. Filamu bubu yenye nyota mwimbaji! Wangefanyaje? Walimpeleka Atang mwenyewe kwenye maonyesho, akasimama humohumo ukumbini akaimba, huku violini, tarumbeta na piano vikimsindikiza, na picha yake kubwa ikifungua midomo mbele. Watazamaji walikuwa na Atang wawili, mmoja wa mwanga na mmoja wa damu, na walilipia tiketi moja.

Zoezi lake ni hili: mtu mmoja achukue filamu yoyote, ikiwezekana yenye mtu anayeimba, na ninyi wengine mkae nyuma ya televisheni. Mnachungulia, mnaimba, mnagonga sufuria, mnafuatisha midomo. Mtazamaji awe mmoja tu na awe mkali. Baada ya onyesho moja utakuwa umejua jambo ambalo vitabu vya filamu hulieleza kwa sura tatu: kwamba sauti na picha ni vitu viwili vilivyooanishwa kwa makusudi, na kwamba kikichelewa kimoja kwa nusu sekunde, ndoa imevunjika. Utajua pia kwamba kuimba umechuchumaa ni kazi.

Kwa misingi iliyobaki nakupeleka kwenye filamu moja tu, Himala, aliyoiongoza Ishmael Bernal mwaka 1982 kwa skripti ya Ricky Lee. Kijiji cha Cupang kimekaushwa na ukame. Msichana Elsa anasema amemwona Bikira Maria juu ya kilima wakati wa kupatwa kwa jua, anaanza kuponya watu, na kijiji kinafurika mahujaji, wachuuzi, wageni wenye kamera na wenye dhambi za kila aina. Anayemwigiza ni Nora Aunor, aliyekuwa akiuza maji kwa abiria wa treni mjini Iriga utotoni, akashinda mashindano ya kuimba, akawa mwimbaji wa taifa zima, na kutoka hapo mwigizaji ambaye hadi alipofariki Aprili 2025 hakuna aliyethubutu kumpokonya nafasi.

Itazame mara ya kwanza kwa raha yako. Mara ya pili itazame ukiwa umesimama, mikono umeiunganisha mbele ya uso kuwa fremu ya vidole vinane na gumba mbili. Kamera inapokwenda mbali na kilima kinakuwa kikubwa na watu wanakuwa punje za mtama, nyoosha mikono mpaka mwisho. Hiyo ndiyo picha ya mbali, inayokuambia mtu yuko wapi na ni mdogo kiasi gani. Kamera inaposogea usoni mwa Nora, vuta vidole mpaka karibu na pua. Hiyo ni picha ya karibu, na inakuambia jambo ambalo Elsa hajalisema. Bernal huzipandisha na kuzishusha hizi mbili kwa subira. Onyesho la mwisho, lililokusanya watu kama 3,000 kwenye nyanda kavu za Ilocos Norte, linaanza na bahari ya vichwa kisha linakwenda kwa mwanamke mmoja, mdogo wa umbo, mbele ya maikrofoni, anayeungama kwa umati kwamba muujiza haupo, kwamba miujiza imo ndani ya watu wenyewe. Angalia Nora asivyofanya kitu. Hatupi mikono, hapandishi nyusi. Macho tu. Aliyezoea kuimba anajua pa kuvuta pumzi, na katika onyesho lile kila kituo anachoweka kati ya sentensi ni cha mwimbaji. Halafu kuna risasi, na kamera inarudi mbali, na ile bahari ya vichwa inapasuka.

Mabega yako yatakuwa yanawaka kwa kushika fremu. Vumilia. Kamera za waliopiga picha hizo zilikuwa nzito kuliko vidole.

Ukimaliza Himala nenda kwa Lino Brocka, Insiang ya 1976, na ujiandae, maana inafungua kwa nguruwe kuchinjwa machinjioni, na hakuna anayeomba radhi. Hiyo ndiyo iliyowapeleka Wafilipino kwenye tamasha la filamu la Cannes kwa mara ya kwanza, mwaka 1978. Brocka aliupiga mtaa wa mabanda wa Tondo ukiwa hivyo ulivyo wakati watawala walikuwa wanapaka rangi kuta za barabarani ili wageni wasiuone. Kwangu hakuna somo la ujasiri wa kamera linaloizidi filamu hiyo, na sitaliwekea zoezi. Kaa chini uitazame. Ndiyo, hapa tu, rudisha kiti.

Kisha kitoe tena, kwa sababu anayefuata ni Lav Diaz. Mwongozaji huyu alishinda Simba wa Dhahabu kule Venice mwaka 2016 kwa Ang Babaeng Humayo, yenye karibu saa nne, na kwake hiyo ni fupi. Mwaka huohuo Berlin ilionyesha Hele sa Hiwagang Hapis, yenye saa nane na dakika kadhaa, nyeusi na nyeupe, ambayo kamera hutulia mahali pamoja na kungoja mtu atembee kutoka mti mmoja hadi mwingine kwa mwendo wake wa kila siku. Watu huuliza kwa nini ndefu hivyo. Jaribu kutembea msituni ukiwa umebeba huzuni, halafu uniambie ilichukua dakika ngapi. Kwa afya yako gawa filamu vipande vya saa moja, kila saa inuka, nyoosha mapaja, kunywa maji, zunguka nyumba mara mbili, rudi. Utamkuta mtu wa Lav Diaz bado anatembea, na sasa mtakuwa mnatembea wote.

Mianzi ilikuwa inasubiri. Tinikling ni ngoma ya visiwa vya Visaya, inayohusishwa hasa na Leyte, yenye jina la ndege mwenye miguu mirefu anayeruka mitego ya wakulima mashambani. Tunaijua vizuri leo kwa sababu ya mwalimu wa elimu ya viungo, Francisca Reyes Aquino, aliyezunguka vijijini tangu miaka ya 1920 akiandika hatua za ngoma kabla wazee hawajaondoka nazo, akazirudisha madarasani. Mwaka 1973 akawa Msanii wa Taifa wa kwanza kwa upande wa ngoma. Angalieni vizuri: mwalimu wa mazoezi!

Watu wawili wanachuchumaa, mmoja kila ncha, wameshika mianzi iliyolala juu ya vigogo. Mapigo ni matatu. Kwenye la kwanza mianzi inabanwa pamoja, kwenye la pili na la tatu inafunguliwa na kugonga vigogo. Ka, tap, tap. Ka, tap, tap. Mchezaji yuko pekupeku. Mianzi ikibanwa, mguu wako uko nje. Ikifunguka, unaingia ndani kwa hatua mbili, mguu huu na huu, na unatoka kabla haijarudi. Tazama wapi? Si miguuni. Anayetazama miguu yake huwa ameshachelewa, kwa kuwa jicho huiona mianzi pale inapokuwa imeshaanza kwenda. Sikiliza. Mwili unapokea ka na tayari unajua tap inakuja. Mwanzoni hesabuni kwa sauti, wote watatu. Ikikolea acheni kuhesabu. Ikikolea zaidi wapigaji waongeze kasi, ambavyo ndivyo ngoma yenyewe inavyoishia, mbio na vicheko. Hatua hizi hazitaki nguvu bali kuaminiana, na ndiyo maana nilikuambia uwasalimie majirani mapema. Yule unayedaiwa naye fedha asikae kwenye mwanzi.

Baada ya dakika tano simama na ujipime. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, hesabu mapigo kwa sekunde 15, zidisha kwa nne. Kiwango cha juu cha mapigo ya moyo hukadiriwa kwa kutoa umri wako katika 220. Mwenye miaka 30 anapata 190, na zoezi la wastani litamweka kati ya nusu yake na asilimia 70, yaani 95 hadi 133 kwa dakika. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za namna hiyo kwa wiki, na mtoto wa miaka 5 hadi 17 wastani wa dakika 60 kila siku. Mwalimu wa MAPEH ataongeza maswali manne ya kupangia: mara ngapi kwa wiki, kwa nguvu kiasi gani, kwa muda gani, na zoezi gani. Jibu la nne ukishaandika tinikling, matatu yaliyotangulia yatajipanga yenyewe, kwa sababu majirani watakuwa wanakugongea mlango.

Kuna kipimo kingine kisichotaka saa, na hapa ndipo muziki wa leo unapoingia kwa kishindo. Ukiwa kwenye zoezi la wastani unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Ukiweza kuimba, ongeza kasi. Ukishindwa hata kuongea maneno machache bila kutweta, umeshavuka kwenye zoezi zito. Shikilia hilo, halafu fungua video ya SB19, vijana watano walioanza mwaka 2018 na kutambulika mwaka uliofuata watu walipoisambaza video yao ya mazoezi ya wimbo Go Up: chumba kitupu, hakuna taa za jukwaa, miili mitano inayokata hewa kwa sekunde ileile. Wanasifika kwa kuimba kwa sauti zao wenyewe wakiwa katikati ya kucheza. Yaani wanafanya jambo ambalo kipimo kinasema haliwezekani, na wanalifanya kwa sauti ya juu na mgongo ulionyooka. Hapo hakuna uchawi. Ni mapafu yaliyofanyishwa kazi kwa miaka, ni msuli wa chini ya mbavu, ni kujua kila pumzi inaibwa wapi kwenye hatua ipi.

Wewe anza na BINI, wasichana wanane, na wimbo wao Pantropiko uliotoka Novemba 2023. Kasi yake inavumilika na mikono inafanya zaidi kuliko miguu. Wiki ya kwanza cheza bila kuimba. Wiki ya pili imba kiitikio tu. Wiki ya tatu jirekodi kwa simu iliyoegemezwa kwenye ndoo, picha pana, mwili mzima kichwa hadi unyayo, bila kukata. Usikate hata kidogo! Uhariri huficha uchovu, na sisi uchovu tunautaka uonekane ili tujue wapi pa kufanyia kazi. Nawapenda vijana hawa, SB19 na BINI, kwa kuwa wamechukua mafunzo makali ya mtindo wa Korea wakayajaza Kitagalog, na kwa watoto wenye asili ya vijijini wanaosikia lugha ya nyumbani ikiimbwa uwanjani hilo si jambo dogo.

Mazoezi ya nguvu? Mianzi ileile. Hidilyn Diaz wa Zamboanga, aliyeipatia Ufilipino dhahabu ya kwanza ya Olimpiki mjini Tokyo Julai 2021 kwa kunyanyua jumla ya kilo 224 katika uzani wa kilo 55, alikwama Malaysia wakati wa corona, majumba ya mazoezi yakiwa yamefungwa. Akafunga maji kwenye ncha mbili za mwanzi akaendelea. Dumu la lita tano kila upande linakutosha wewe, na magoti yaelekee vidole vinapoelekea.

Ipo video moja ya Kifilipino ambayo huenda umeshaiona bila kujua ni ya huko. Julai 2007 gereza la mkoa wa Cebu lilirusha mtandaoni wafungwa wake wapatao 1,500, wamevaa rangi ya machungwa, wakicheza Thriller ya Michael Jackson uani, kamera ikiwa juu. Muziki, filamu na mazoezi, vyote kwa pamoja, na kwa ufundi ni darasa: kamera ikipanda, mtu mmoja anatoweka na umbo la umati linazaliwa. Uchezaji huo ulianza kama mpango wa mazoezi wa wasimamizi wa gereza, na wapo waliosema ugomvi ulipungua. Hata hivyo sikupi kama zoezi. Wengi mle walikuwa mahabusu ambao kesi zao hazijaamuliwa, na mtu aliyefungiwa lango hawezi kusema leo sichezi. Ndiyo sababu katika mwongozo huu jirani anaombwa, haamriwi, na akikataa anapewa chai na kuachwa atazame.

Imebaki herufi ya mwisho, ya afya, na utaihitaji siku ya kwanza ya mianzi. Kifundo cha mguu kikibanwa na kuvimba, acha kucheza. Weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 15 hadi 20, kamwe si moja kwa moja kwenye ngozi. Funga bandeji isiyokaza mpaka vidole vikafa ganzi, kisha lala na uupandishe mguu juu ya mto ukae juu ya usawa wa moyo. Usichue kwa nguvu, hata kama bibi amesimama hapo na chupa ya mafuta. Ukijaribu kusimama ukashindwa kupiga hatua nne, nenda hospitali wakapige picha ya mfupa. Kama si hivyo, siku chache za kupumzika zitatosha, na ni wakati mzuri wa saa nane za Lav Diaz. Aliyekuwa ameshika mwanzi uliokubana ndiye atakayepika siku hizo zote, na sharti hilo mtajie kabla hajaushika.